Kutangulia, kutangua na kuongeza: jinsi programu ya OpenSSH inavyopokea maagizo yake ya kuanzia

1. Utangulizi

Kila programu ya mtandao, kabla ya kuanza kazi, hutaka kujua mambo machache: isikilize katika mlango gani, impokee nani, imkatae nani, na habari za makosa iziandike wapi. Majibu ya maswali hayo ndiyo yanayoitwa katika makala haya maagizo ya kuanzia. Maagizo hayo huipata programu kwa njia mbili kubwa. Njia ya kwanza ni faili la usanidi, yaani faili la maandishi ya kawaida ambalo programu hulisoma inapoamka. Njia ya pili ni mstari wa amri, yaani maneno yanayoandikwa pamoja na jina la programu wakati wa kuianzisha.

Mahali penye wasemaji wawili, tofauti ya kauli haikosekani. Faili likisema hivi, na mstari wa amri ukisema vile, programu itamtii nani? Na mafaili yakiwa mawili au matatu, lipi ndilo litakaloshika? Programu za mtandao hazijibu swali hili kwa namna moja, na asiyejua jibu la programu anayoitumia huweza kuacha mlango wazi huku akiamini kwamba ameufunga.

Makala haya yanalichunguza jambo hilo katika programu moja, OpenSSH, ambayo hutumiwa kila mahali kuongoza mashine zilizo mbali. Yanakusudia pia kuonyesha kwamba suala hilo ni la lugha. Katika vyuo vikuu vya Kongo mwanafunzi hukutana na dhana hizi kwa Kifaransa, kisha humweleza mwenzake kwa Kiswahili. Katika kuvuka huko ndipo kitenzi huchaguliwa, na kitenzi kisichofaa huzaa usanidi usiofaa.

Istilahi chache zinahitaji kuwekwa wazi tangu mwanzo. Mlango ni namba ambayo kwayo mashine hutofautisha huduma zake za mtandao. Mlango wa kawaida wa SSH ni namba 22. Neno la agizo ni jina la jambo linaloamriwa, na thamani ni kile kinachoamriwa juu yake. Nywila ni neno la siri la mtumiaji.

2. Asili ya programu na sehemu zake

SSH ilibuniwa mwaka 1995 na Tatu Ylönen, aliyekuwa katika Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Helsinki, nchini Finland, baada ya mtandao wa chuo hicho kushambuliwa na watu walionasa nywila zilipokuwa zikipita. Shabaha yake ilikuwa kuyafunga mazungumzo ya mashine mbili kwa maandishi ya siri, ili msikilizaji wa njiani asiambulie kitu. Mwaka 1999 wanaprogramu wa mradi wa OpenBSD walichukua toleo la zamani lililokuwa huru, wakalisafisha na kuliendeleza kwa jina la OpenSSH.

Programu hiyo ina pande mbili. Upande wa mteja ni ssh, ambayo mtu huitumia kwenda kwenye mashine nyingine. Upande wa seva ni sshd, ambayo hukaa macho katika mashine inayotembelewa na kuwapokea wageni. Kila upande una faili lake la usanidi: mteja husoma /etc/ssh/ssh_config, na seva husoma /etc/ssh/sshd_config. Majina hayo yanatofautiana kwa herufi moja tu, d. Mwanafunzi anayebadili faili la kwanza huku akitaka kuiamuru seva atashangaa kuona kwamba hakuna lililobadilika.

3. Agizo moja, sura tatu

Mwanaisimu anajua kwamba mofimu moja huweza kuwa na sura kadhaa kulingana na mahali inapotokea. Maagizo ya OpenSSH yana tabia inayofanana na hiyo. Mteja anayetaka kupita mlango namba 2222 badala ya 22 anaweza kuandika katika faili:

Port 2222

Au anaweza kuandika katika mstari wa amri, kwa sura ya mkato:

ssh -p 2222 maktaba

Au tena, katika mstari huohuo wa amri, kwa sura ndefu:

ssh -o Port=2222 maktaba

Maana ni moja katika sura zote tatu. Sura ya mkato ni ya maagizo machache yanayotumiwa mara nyingi. Sura ndefu, inayotanguliwa na -o, hubeba neno lolote la agizo la faili, hata lile lisilo na mkato wake. Katika faili, neno la agizo na thamani yake hutenganishwa kwa nafasi au kwa alama moja ya usawa. Maneno ya agizo hayabagui herufi kubwa na ndogo, lakini thamani huzibagua. Mstari unaoanza kwa alama # ni maelezo tu, wala programu hauutii.

Alama hiyo inastahili kuangaliwa kwa makini. Faili la seva linalokuja na OpenSSH limejaa mistari iliyotanguliwa na #. Kwa kawaida mistari hiyo huonyesha thamani ambazo programu ingezishika hata kama faili lisingesema neno. Kwa hiyo kuona maandishi #PasswordAuthentication yes si kuona agizo. Ni kuona kumbukumbu ya kile ambacho programu hufanya isipoamriwa vingine.

Yapo pia maagizo yanayoishi katika mstari wa amri peke yake. Mfano ni -f ya sshd, ambayo huieleza seva ni faili lipi la usanidi isome badala ya lile la kawaida. Ni dhahiri kwamba faili haliwezi kuiambia programu mahali pa kulipata faili hilohilo. Seva isipolipata faili lake hukataa kuanza.

4. Upande wa mteja: kutangulia ndiko kufika

Mteja hukusanya maagizo yake kwa utaratibu huu: kwanza mstari wa amri, pili faili la mtumiaji mwenyewe, ~/.ssh/config, na tatu faili la mashine nzima, /etc/ssh/ssh_config. Kanuni ni kwamba kwa kila neno la agizo, thamani inayopatikana kwanza ndiyo inayoshika. Zinazofuata hazifutwi, wala hazigombani na ya kwanza. Hazina pa kuingia, kwa sababu nafasi imekwisha kujazwa.

Wahenga walisema kutangulia si kufika. Kwa ssh, kutangulia ndiko kufika.

Kanuni hiyo hufanya kazi hata ndani ya faili moja, na hapo ndipo wengi hujikwaa. Tuseme mtumiaji ameandika hivi katika faili lake:

Host *
    User mgeni
Host maktaba
    User msimamizi

Neno Host hufungua fungu la maagizo yanayohusu mashine zenye jina lililotajwa, na nyota inamaanisha mashine zote. Mwandishi wa mistari hiyo amefikiri kama mtunga sheria: ameweka kanuni ya jumla kwanza, kisha ameweka isipokuwa yake. Lakini akiandika ssh maktaba, ataingia kwa jina la mgeni. Programu imesoma fungu la kwanza, ikaona kwamba nyota inaihusu mashine ya maktaba pia, ikaishika thamani mgeni. Ilipofika katika fungu la pili, neno User lilikuwa limekwisha kupata thamani yake. Dawa ni kugeuza mpangilio: fungu la mashine maalumu liwe juu, la nyota liwe chini kabisa. Na mtumiaji akiandika ssh -l mhariri maktaba, jina mhariri litashika kwa mpangilio wowote ule, maana mstari wa amri husikilizwa kabla ya mafaili yote.

Ili kuona kwamba kanuni hii si ya programu zote, inafaa kuilinganisha na curl, programu ya kuchukua na kupeleka mafaili mtandaoni iliyoanzishwa na Daniel Stenberg wa Sweden, na ambayo imebeba jina hilo tangu mwaka 1998. Programu hiyo husoma kwanza faili la mtumiaji, .curlrc, kisha mstari wa amri. Na kwa agizo lenye thamani moja, thamani ya mwisho ndiyo inayoshika. Matokeo ya nje yanafanana: katika programu zote mbili mstari wa amri hulishinda faili. Njia za kufikia ushindi huo zinapingana. Katika ssh mstari wa amri umetangulia. Katika curl mstari wa amri umetangua. Anayeangalia matokeo peke yake hataiona tofauti hiyo mpaka siku atakapoandika agizo moja mara mbili katika faili moja.

Kuna jambo la tatu. Baadhi ya maagizo ya ssh hayatangulii wala hayatangui, bali huongezana. Mfano ni IdentityFile, agizo linalotaja faili la ufunguo wa mtumiaji. Likitajwa mara kadhaa, funguo zote huwekwa katika orodha na kujaribiwa moja baada ya moja.

5. Upande wa seva: mlango unaodhaniwa kufungwa

Kosa la mteja humrudia mtumiaji papo hapo. Ataona ameingia kwa jina lisilo lake, na atarekebisha. Kosa la seva linaweza kukaa kimya kwa miaka.

Seva nayo hufuata kanuni ya thamani ya kwanza. Kwa muda mrefu kanuni hiyo haikusumbua watu, kwani faili la usanidi lilikuwa moja. Toleo la 8.2 la mwezi wa Februari 2020 liliiletea sshd agizo la Include, linaloiwezesha seva kuingiza mafaili mengine ndani ya faili lake kuu. Mifumo ya Ubuntu, kuanzia toleo la 20.04, na Debian, kuanzia toleo la 11, iliuweka mstari wa Include mwanzoni mwa faili kuu. Mstari huo huingiza mafaili yote ya saraka ya /etc/ssh/sshd_config.d yanayoishia kwa .conf, yakifuatana kwa mpangilio wa majina yao.

Msimamizi anayetaka watumiaji waingie kwa ufunguo tu, bila nywila, hufungua faili kuu, hushuka chini, na kuandika PasswordAuthentication no. Huianzisha seva upya. Seva haitoi kosa lolote, naye huondoka ameridhika. Lakini katika saraka ile huenda mna faili ambalo hakuliandika yeye, kwa mfano 50-cloud-init.conf, linalowekwa na programu ya kuandaa mashine za kukodishwa, na ndani yake pana mstari PasswordAuthentication yes. Kwa kuwa Include iko juu, neno yes limesomwa kwanza. Neno no la msimamizi limefika kwenye nafasi iliyokwisha kujazwa. Seva inaendelea kupokea nywila, na watu wa mbali wanaobahatisha nywila usiku kucha wanaendelea kupokelewa na swali lilelile.

Msimamizi huyo hakukosea tahajia wala neno la agizo. Amekosea mahali. Dawa ni kuweka agizo lake katika faili la saraka hiyohiyo lenye jina linalotangulia, kwa mfano 00-chuo.conf, au kuliondoa agizo linalopinga.

Kosa la pili linatokana na agizo la Match. Neno hilo hufungua fungu la maagizo yanayomhusu mtumiaji, kundi au anwani fulani. Hapa hali ni tofauti na ile iliyoelezwa hadi sasa: maagizo ya ndani ya Match hutangua kwa kweli yale ya jumla yaliyo nje yake. Kama mafungu kadhaa ya Match yanamhusu mtu mmoja, kanuni ya kutangulia hurudi, na la kwanza ndilo linaloshika.

Hatari ni kwamba fungu la Match halina alama ya kulifunga. Huendelea mpaka Match nyingine au mpaka mwisho wa faili. Nafasi tupu zinazowekwa mwanzoni mwa mistari ni za kumfaa msomaji, programu haizijali. Kwa hiyo kama faili linaishia kwa Match Group wageni na maagizo yake, na msimamizi akaongeza chini yake PasswordAuthentication no, katazo hilo litawahusu wageni peke yao. Mstari umeandikwa pembeni kabisa, unaonekana huru, kumbe umo ndani ya fungu. Ikilazimu kuandika agizo la jumla baada ya fungu kama hilo, mstari wa Match all huurudisha usemi kwa watu wote.

6. Mstari wa amri usioandikwa na mtu

Ni rahisi kudhani kwamba mstari wa amri huandikwa na mtu aliyekaa mbele ya mashine. Seva, hata hivyo, huanzishwa na mfumo wenyewe mashine inapowashwa. Katika Debian, maagizo ya mstari wa amri wa sshd huwekwa katika faili la /etc/default/ssh, kwa jina SSHD_OPTS. Hivyo mstari wa amri nao umo ndani ya faili, tena faili lililo nje ya saraka ya /etc/ssh. Likiwa na -p 2222, maagizo ya Port yaliyo katika faili la usanidi hayatasikilizwa, na msimamizi asiyelijua faili hilo atayabadili bure.

Maagizo hayo ya kuanzia hayapotei kirahisi. Seva inapopewa ishara ya kusoma upya usanidi wake, hujianzisha tena kwa jina na maagizo yaleyale iliyoanza nayo. Faili la usanidi husomwa upya. Mstari wa amri hubaki ule wa mwanzo.

Tofauti nyingine ya njia hizi mbili inahusu siri. Faili huweza kufungiwa wasiohusika. Kwa ssh ni sharti: faili la mtumiaji likiwa linaweza kuandikwa na watu wengine, ssh hukataa kulitumia. Mstari wa amri, kinyume chake, kwa kawaida huonekana na watumiaji wengine wa mashine kupitia amri ya ps. Kwa sababu hiyo nywila haifai kuandikwa hapo.

7. Kuuliza kabla ya kuamini

Kwa kuwa maana ya agizo inategemea mahali pake, kusoma faili moja hakutoshi. OpenSSH ina njia za kuulizwa yenyewe imeelewa nini. Kwa mteja, amri ya ssh -G maktaba huorodhesha maagizo yote ambayo yangeshika kwa mashine hiyo, bila kwenda popote. Kwa seva, sshd -t hukagua kama usanidi ni sahihi, na sshd -T huonyesha thamani zilizoshika baada ya mafaili yote kusomwa. Amri hizo za seva huandikwa kwa njia kamili, /usr/sbin/sshd, na kwa mamlaka ya msimamizi mkuu. Ikiwa yako mafungu ya Match, -C huongezwa ili kuitajia seva mtumiaji na anwani vinavyoulizwa.

Yafaa kukumbuka mipaka ya jibu hilo. Amri ya sshd -T huyasoma mafaili yalivyo wakati huo. Haielezi ni nini seva inayofanya kazi tayari ilichokisoma ilipoamka. Pia haijui yaliyo katika SSHD_OPTS, ila yakiandikwa tena pamoja nayo.

Kwa hiyo kipimo cha mwisho ni kujaribu kuingia. Kusoma upya usanidi hakukati mazungumzo yaliyokwisha kufunguliwa. Msimamizi mwenye busara huacha dirisha lake la kwanza wazi, hufungua la pili kama mgeni mpya, na halifungi la kwanza mpaka amehakikisha kwamba aliyetakiwa kuingia ameingia na asiyetakiwa amekataliwa. Kwa mtu aliye Lubumbashi au Goma, ambaye seva yake iko katika nchi nyingine, tahadhari hiyo ina uzito wa pekee: akijifungia nje, hawezi kutembea mpaka mlangoni na kugonga.

8. Hitimisho

Imeonekana kwamba OpenSSH ina namna tatu za kupatanisha maagizo yanayokutana. Kwa sehemu kubwa, lililo mbele hutangulia na kuwafungia wengine nafasi. Katika Match, la ndani hutangua la nje. Katika maagizo machache kama IdentityFile, yote huongezana.

Katika mazungumzo ya kufundisha, hali hizo tatu huweza kupewa kitenzi kimoja, kubatilisha au kufuta. Mwanafunzi anayeambiwa kwamba faili la mtumiaji hulibatilisha faili la mashine atapata matokeo sahihi siku hiyo, lakini atakuwa amejifunza kwamba msemaji wa mwisho ndiye mwenye nguvu. Kesho yake ataandika katazo lake chini kabisa ya faili, mahali ambapo msemaji wa mwisho angekaa, na seva haitamsikia. Kiswahili kimekwisha kuwa na vitenzi vitatu vinavyotosha kazi hii. Kutangulia na kutangua vinakaribiana kwa sauti na kuachana kwa maana. Mwalimu anayevitenganisha darasani, na kukipa kuongeza mahali pake, atakuwa amefundisha isimu na usalama wa mitambo kwa wakati mmoja.